Nani kauwasha, nini kimeubeba

Ubishi wa barazani kuhusu moto wa misitu na tabianchi huanza kwa simu. Mtu anapitisha video ya moto wa California au Australia, miti inawaka kama mienge, na kabla kikombe cha kahawa tungu hakijafika kwa mtu wa tatu, mmoja kashasema: "Huo wamewasha wenyewe." Mwengine anajibu: "Ni tabianchi hiyo, ami." Pande mbili zishakaa, na mpaka adhana ya isha hakuna aliyesogea.

Aliyezoea kukaa kwenye mazungumzo haya, iwe Mji wa Kale, Majengo au Likoni hapa Mombasa, hujua kwamba kosa lilifanyika kwenye sentensi ya kwanza. Maswali mawili yamefungwa furushi moja: nani kauwasha moto, na nini kimeubeba mpaka ukafika ulikofika. Kila upande umejibu swali lake na kudhani umejibu la mwenzake. Kabla ya kusema lolote kuhusu sayansi, lifungue furushi.

Mfano mzuri ni wa Australia. Mwanzoni mwa Januari 2020 polisi wa New South Wales walitangaza kwamba watu 183 wamechukuliwa hatua tangu Novemba 2019. Nambari hiyo ilizunguka dunia ikiitwa "wachomaji 183." Lakini tangazo lenyewe lilikuwa na mchanganuo: 24 walishtakiwa kwa kuwasha kwa makusudi, 53 walichukuliwa hatua kwa kuvunja amri ya kutowasha moto nje, 47 kwa kutupa sigara au kiberiti kinachowaka, na waliobaki kwa makosa mengine. Iandike hesabu hii kwenye karatasi na uiweke katikati ya meza. Usiisome kwa sauti ya ushindi. Anayeshikilia kwamba kuna waliowasha makusudi ataona yuko sahihi kwa wale 24, na akishakubaliwa haki yake, huwa tayari kusikiliza swali la pili. Ukianza kwa kumwambia hakuna mchomaji hata mmoja, umemdanganya, naye atakushika hapo hapo.

Swali la pili mtu wa Pwani halihitaji kitabu. Kichungi cha sigara kikianguka kwenye makuti mwezi wa Juni, mvua ya mwaka ikiwa ndiyo inamalizika, huzima chenyewe. Kikianguka Februari, kaskazi ikivuma, majirani wanatoa magodoro nje. Mtu ni yule yule na sigara ni ile ile. Kilichobadilika ni maji yaliyomo ndani ya makuti.

Maji hayo hupimika, na mizani hunyamazisha watu kuliko maneno. Kata nyasi zilizokufa zikiwa bado zimesimama. Usichukue mbichi, kwa sababu nyasi mbichi hubeba maji kuliko uzito wake mkavu na hesabu itakupotosha. Fungu la kwanza, gramu 50, likatwe alfajiri umande ukingali juu. La pili, gramu 50 vile vile, likatwe saa nane mchana. Kila fungu liingie papo hapo kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Pima kwa mizani ya sonara, au ile ndogo ya jikoni isomayo gramu moja moja. Kausha kwenye oveni kwa nyuzi 105. Maabara huacha siku nzima, lakini nyasi nyembamba unaweza kuzipima kila baada ya saa moja mpaka uzito uache kushuka. Kisha toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, na ugawanye kwa uzito mkavu. Tuseme fungu la alfajiri limeshuka kutoka 50 hadi 40: maji ni 10, gawa kwa 40, asilimia 25. La mchana limeshuka hadi 45: maji 5, gawa kwa 45, asilimia 11. Nyasi zenye asilimia 25 moto huzikataa au hutambaa kwa shida. Za asilimia 11 hushika, na zikiteremka chini ya 10 moto wake hukimbia kwa kasi zaidi.

Wengi huharibu jaribio kwa kugawa kwa uzito wa mwanzo. Wapo wanaoamua kuanika juani badala ya oveni, lakini hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi kiasi kwamba nyasi juani hazikauki zikaisha. Zinafika mahali zinasimama. Wengine hupandisha oveni mpaka majani yanakuwa ya kahawia, hapo wanachoma nyasi na kuuita moshi "maji." Lile la juani, hata hivyo, ni kosa lenye faida, kwa sababu linaonyesha kwa nini moto wa nyika hukimbia Tsavo na si Nyali, ufuoni. Huko bara kidogo tu, hewa ya mchana ni kavu zaidi, na nyasi hufuata hewa.

Hapa ndipo wazimamoto wana hesabu ambayo wabishi wengi hawajawahi kuisikia. Huzigawa kuni kwa muda zinaochukua kuifuata hewa. Nyasi na majani makavu ni kuni za saa 1. Vijiti mpaka sentimita 2.5 ni za saa 10. Matawi mpaka sentimita 7.5 ni za saa 100. Magogo yanayozidi hapo ni ya saa 1,000, yaani takriban wiki sita. Kwa hivyo mtu akisema "nyasi zilikauka siku zote, hata enzi za babu," amesema kweli: nyasi zinakauka kwa alasiri moja, uwe mwaka gani. Joto la miaka hii linapouma zaidi ni kwenye magogo na udongo wa msituni, vitu vinavyohitaji wiki na miezi kukauka na ambavyo mvua ya siku moja haiviloweshi. Msitu wa Canada ulioungua mwaka 2023, hekta zaidi ya milioni 15, haukuwa ukiungua kwa majani ya juu peke yake.

Na nyumba? Video huonyesha ukuta wa moto ukija, lakini nyumba nyingi huko huwashwa na cheche zilizopeperushwa mbele ya moto, zikaingia kwenye mfereji wa paa uliojaa majani makavu au chini ya ubao wa veranda. Ndiyo maana California husisitiza mita moja na nusu ya kwanza kuzunguka nyumba isiwe na kitu cha kuwaka. Mwenye paa la makuti asikie hiyo.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa Mombasa ana haki ya kulizungumzia kuliko wengi, kwa sababu bahari ni yake. Bahari ya Hindi ina pembea. Miaka mingine maji ya moto hulundikana upande wetu wa magharibi, na ya upande wa Sumatra, Indonesia, yakapoa. Wanasayansi waliieleza hali hiyo mwaka 1999 wakaiita daipoli ya Bahari ya Hindi. Ikilalia kwetu, mawingu hutufuata, mvua ya vuli huwa ya kutisha, na Indonesia na Australia hubaki na ukame. Oktoba 1997 Mombasa ilipofurika, Indonesia ilikuwa inaungua na moshi wake kufunika mataifa jirani. Mwaka huo El Nino, yaani maji ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida, nayo ilikuwepo. Vuli ya 2019 pembea ililala kwetu tena kwa nguvu: huku mafuriko na maporomoko, kule Australia moto uliochoma zaidi ya hekta milioni 24 na kuua watu 33. Aliyekuwa akitoa maji sebuleni Mombasa na aliyekimbia moto kusini mwa Sydney walikuwa ncha mbili za ubao mmoja.

Mbishi mwerevu atauliza hapo hapo: kama pembea ni ya asili na imekuwepo tangu enzi za mababu, tabianchi imeingiaje? Swali zuri, na jibu lake lisiongezwe chumvi. Pembea ni ya asili. Kilichobadilika ni kitako inachokalia. Hewa ikipata joto la nyuzi 1 zaidi huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Pasipo na mvua, hewa hiyo hunyonya maji kwenye miti kwa pupa zaidi. Penye mvua, humwaga zaidi. Watafiti wa World Weather Attribution, kundi linalochunguza mchango wa tabianchi kwenye majanga, walipouchunguza moto wa Australia, walisema hali ya hewa ya kuchochea moto wa kiasi kile imeongezewa uwezekano kwa angalau asilimia 30 na joto lililosababishwa na binadamu. Wakasema pia kwamba kwa ukame wenyewe wa mwaka ule hawakuweza kuonyesha mkono wa binadamu. Sentensi hii ya pili mara nyingi hukatwa na wapenzi wa tabianchi wanaposimulia. Isikatwe. Mzee asiyeamini akisikia mtafiti amesema "hapa sikuona," humwamini zaidi anaposema "hapa nimeona."

Kwa hulka hiyo hiyo, kubali lililo kweli hata likiwa la upande wa pili. Kuna anayesema, "Moto duniani umepungua, si umezidi." Kwa eneo linaloungua, ni kweli: kati ya 1998 na 2015 lilipungua kwa karibu robo, na setilaiti ndizo zilizoonyesha. Lakini muulize lilipungua wapi. Kwa sehemu kubwa ni kwenye mbuga, nyingi za Afrika, zilizogeuzwa mashamba na malisho. Pakilimwa, nyika haipo ya kuungua. Hiyo haikuondoi kwenye swali la msitu, ila inakuondoa kwenye aibu ya kukataa takwimu.

Setilaiti hizo unaweza kuzitazama mwenyewe kwa simu, bure, kwenye ramani ya moto ya NASA iitwayo FIRMS. Ila jifunze kuisoma kwanza. Nukta nyekundu si moto wa ukubwa ule. Ni alama kwamba ndani ya mraba wa mita 375 kwa chombo cha setilaiti kiitwacho VIIRS, au kilomita 1 kwa MODIS, kumeonekana joto lisilo la kawaida. Ukiipunguza ramani, nukta hazipungui nazo, kwa hivyo nchi nzima inaonekana inateketea. Januari 2020 picha ya Australia iliyong'aa kama mkaa ilisambaa ikidaiwa kupigwa kutoka angani, kumbe ni mchoro wa msanii aliyelundika nukta za mwezi mzima. Vyombo vya VIIRS hupita karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku, basi moto wa nyasi uliowaka saa tatu asubuhi ukazimwa saa tano unaweza usionekane kabisa. Wingu nalo hufunika. Na kiwanda chenye tanuri kinaweza kutoa nukta kila siku, mtu akadhani msitu unaungua mahali pasipo na mti.

Kuhusu vipimajoto, neno fupi. Husemwa kwamba miji imepanuka, lami imezizunguka stesheni, ndiyo maana joto limepanda. Athari ya lami ipo na hurekebishwa. Lakini baharini hakuna lami. Maboya ya Argo ya kupima joto la bahari, karibu 4,000, huzama mpaka mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10, nayo yanaonyesha bahari inapata joto. Wavuvi waliopiga mbizi kwenye miamba ya Mombasa mwanzoni mwa 1998 hawakuhitaji boya: matumbawe yaligeuka meupe kama chokaa.

Barafu ndiyo hoja inayopendwa zaidi, kwa sababu iko kwenye glasi mbele yenu. "Barafu ikiyeyuka maji hayapandi, tazama." Sawa, kwa inayoelea. Chukua glasi mbili zinazolingana. Moja weka vipande vitatu vya barafu vielee, tia alama ya wino kwenye usawa wa maji. Ya pili weka jiwe kubwa litokeze juu ya maji, vipande vitatu vikae juu ya jiwe, tia alama. Subiri mpaka barafu yote iyeyuke. Ya kwanza hubaki pale pale, ya pili hupanda. Barafu ya Greenland na Antaktika iliyo juu ya nchi kavu ndiyo ile ya juu ya jiwe. Usijaze glasi mpaka ukingoni. Kwa unyevu wetu, glasi baridi hutoka jasho ndani ya dakika tano, tone likashuka mezani, na tayari mtu keshapiga kelele: "Imemwagika! Mwaona!" Ukiacha vidole viwili juu na kuweka glasi kwenye sahani kavu, ugomvi huo haupati pa kuanzia. Na usichanganye hili na ufuo uliolika. Ufuo huweza kulika kwa kuchotwa mchanga au kwa ukuta wa jirani unaorudisha mawimbi kwako, bahari ikiwa haijapanda hata kidogo mwaka huo.

Lakini yote haya huvumilika. Linalovunja watu moyo na sayansi hapa kwetu ni mvua. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa kubwa kwenye Pasifiki, watu wakajitayarisha, na gharika kama ya 1997 haikuja. Oktoba 2023 kauli ikatoka serikalini kwamba El Nino iliyohofiwa haitakuja. Novemba maji yakajaa Pwani na Kaskazini Mashariki. Baada ya hapo mwambie mtu "wataalamu wanasema."

Mzee mmoja hatakosa kusema: "Mwanangu, mvua ni ya Mola, na ghaibu haijui ila Yeye." Usibishane naye hapo, wala usicheke. Afadhali zungumza kuhusu mwezi, kwa kuwa huo kila mtu anaujua. Ratiba ya sala ukutani imepigwa chapa mwaka mzima, magharibi kwa dakika, na hakuna atokaye kutazama jua kabla ya kufuturu. Kitabu cha maji cha bandari kinasema bamvua ya tarehe fulani itajaa saa ngapi, nahodha anakifuata. Hizo ni hesabu, na hakuna anayeziita ghaibu. Lakini ikifika kuandama kwa mwezi wa Ramadhani, hesabu ya kuzaliwa kwa mwezi ipo na bado watu wanatofautiana, kwa sababu kuzaliwa ni jambo moja na kuonekana ni jengine: kuna wingu, kuna macho, kuna shahidi anayekubaliwa na asiyekubaliwa. Utabiri wa msimu uko mbali zaidi na kitabu cha maji kuliko mwandamo wenyewe. Hausemi "itanyesha." Unasema uwezekano, na uwezekano ndio unaopotea njiani kati ya mtabiri na mtangazaji wa redio.

Uonyeshe kwa kete za bao. Watabiri huchukua misimu 30 iliyopita, huipanga kutoka mkavu hadi wenye mvua nyingi, na kuigawa mafungu matatu ya misimu kumi kumi. Kisha hutoa kitu kama hiki: asilimia 45 juu ya kawaida, 35 kawaida, 20 chini. Chukua kete 20. Tisa zipake rangi ya kucha nyekundu, saba ziache, nne zipake nyeusi. Ziache zikauke usiku kucha, la sivyo zinagandana, na zile saba pia zipake ile rangi isiyoonekana, kwani wapo wenye vidole vinavyosoma mpako gizani. Tia kwenye mfuko wa kitambaa. Mtu achote moja, aitangaze, airudishe, mfuko utikiswe. Asiporudisha, hesabu inageuka na jaribio limekufa.

Mara ya kwanza ikitoka nyeusi, utasikia: "Si mlisema mvua?" Endeleeni mpaka mara 40. Nyekundu zitakaribia 18, nyeusi 8, na kupishana kwa tatu au nne ni kawaida. Hapo ndipo wengi huona kwa macho kwamba nyekundu iliongoza na bado, zaidi ya nusu ya michoto, haikutoka. Wakumbushe pia kwamba "juu ya kawaida" si gharika. Ni kuangukia kwenye theluthi ya misimu yenye mvua zaidi, na kwenye theluthi hiyo iko mingi iliyopita bila hata kuloweka zulia.

Hatua inayofuata ni daftari, na hii inataka subira ya miaka. Kabla vuli haijaanza, andika asilimia tatu za Idara ya Hali ya Hewa, na pembeni kila mtu wa baraza aandike za kwake, zifike 100. Anayefuata miongo ya mababu, ile hesabu ya siku kumi kumi, aandike, anayefuata mchwa na maua ya maembe aandike. Mvua ipimwe kwa chupa ya pande zilizonyooka, kwani chupa ya soda yenye kitako cha mashimo husoma uongo kwa milimita za mwanzo mpaka uisawazishe kwa simenti. Iwekwe mbali na mti au ukuta kwa umbali mara mbili ya kimo chake, na isomwe saa tatu kila asubuhi, ambayo ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa nchini. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, basi paa la mita 10 kwa 8 likipata milimita 50 limeshusha lita 4,000. Nambari hiyo huwashtua watu kuliko mchoro wowote.

Daftari lisikae kwa mbishi wa upande wowote. Muuza kahawa anafaa: yupo kila jioni, anawajua wote wanaodai walitabiri, na ukurasa ukishaandikwa anaupiga tarehe kwa kalamu yake mwenyewe kabla tone la kwanza halijaanguka.